Mehboob Khan: Msiba wa mama, ndoto ya taifa

Mehboob Khan, mwongozaji mashuhuri wa filamu wa India, alizaliwa Gujarat mwaka 1907. Nembo ya kampuni yake ilikuwa nyundo na mundu.

Mwaka 1957, miaka 10 baada ya uhuru, alitoa Mother India. Ndani yake mama mkulima, Radha, anampiga risasi mwanawe Birju, aliyemuua mkopeshaji dhalimu wa kijiji na kumteka binti wa mkopeshaji huyo. Uzeeni Radha anafungua mfereji mpya, na maji yake yanaonekana mekundu kama damu.

Filamu ilimruhusu mtazamaji kumlilia mwasi, lakini ikampa mama, aliye mfano wa taifa, haki ya kumhukumu. Maendeleo aliyoyahimiza Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru yakaonekana pamoja na gharama yake.

Mehboob alifariki dunia tarehe 28 Mei 1964, siku moja baada ya Nehru.