August Zang: Mwanajeshi wa Vienna aliyewaonjesha watu wa Paris kruasanti

MGENI anayeingia jijini Paris akitaka kruasanti ya chokoleti iliyo ya Kifaransa hasa hatakosa wa kumwelekeza. Kila mtaa una duka lake la mikate, na kila mwenyeji huapa kwamba la kwao ndilo lenye ile ya asili. Jambo ambalo wengi hawamwambii ni kwamba vitafunio vya aina hiyo, kwa lugha yao wenyewe Wafaransa, huitwa viennoiserie, yaani vitu vya Vienna, mji mkuu wa Austria.

Jina hilo ni kumbukumbu ya deni la zamani. Anayedai ni August Zang, mtu ambaye hakuwa Mfaransa wala hakuwa amesomea kazi ya kuoka mikate. Aliishi Paris kwa takriban miaka kumi tu, akaondoka na kujitafutia sifa za namna nyingine kabisa. Hata hivyo, alichokiacha huko ndicho kilichodumu kuliko yote aliyoyafanya baadaye.

Zang alizaliwa Vienna mnamo Agosti 2, 1807. Baba yake, Christoph Bonifacius Zang, alikuwa tabibu mpasuaji aliyeheshimika sana, na alifundisha upasuaji katika chuo cha madaktari wa jeshi mjini humo. Kijana huyo hakufuata nyayo za mzazi wake. Alijiunga na jeshi la mfalme wa Austria na kuwa ofisa wa kikosi cha mizinga. Humo alionyesha kipawa cha ufundi, akawa anajishughulisha na namna ya kuboresha bunduki za wakati huo.

Baba yake alipofariki, urithi alioachiwa ulimfungulia mlango wa maisha mapya. Aliliaga jeshi, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1830 akaelekea Ufaransa. Paris ya siku hizo ilikuwa imejaa watu wenye fedha mpya na hamu ya mambo mapya. Zang alitazama akaona pengo. Mikate ya Vienna ilikuwa imesifika kote Ulaya kwa wepesi na weupe wake, lakini katika jiji lile kubwa hapakuwa na duka lililoiuza kwa jina hilo.

Kati ya mwaka wa 1838 na 1839, akishirikiana na Mwaustria mwenzake, Ernest Schwarzer, alifungua duka lililoitwa Boulangerie Viennoise, maana yake duka la mikate la Vienna, katika nambari 92 ya barabara ya Richelieu. Mahali penyewe palichaguliwa kwa busara. Barabara hiyo ilipita karibu na soko la hisa, maktaba ya kifalme na jumba la maonyesho la Comédie-Française. Wapita njia wake walikuwa mabenki, waandishi, waigizaji na mabibi wa tabaka la juu, watu wasiojali kulipa zaidi kidogo kwa kitu kizuri.

Kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa mwokaji, Zang alitegemea mafundi waliojua kazi hiyo kwa njia ya Vienna. Tofauti ilianzia kwenye kinyunga. Waokaji wengi wa Paris walitumia chachu, yaani kipande cha unga uliokandwa na kuachwa uchachuke, na mkate wake ulikuwa na ukakasi fulani. Watu wa Vienna walitumia hamira iliyotokana na utengenezaji wa bia. Mkate ukaumuka upesi na kutoka laini, bila ule ukakasi. Anayejua jinsi mahamri yanavyobadilika kwa kutegemea hamira iliyotiwa ataelewa kwamba hilo si jambo dogo. Pamoja na hayo, unga uliotumika ulikuwa mweupe na wa daraja la juu, nao ulikandwa kwa maziwa.

Siri ya pili ilikuwa tanuri. Zang alitumia tanuri lililohifadhi mvuke wakati mkate unaiva. Mvuke huzuia ngozi ya mkate kukauka mapema, hivyo mkate hupata nafasi ya kuvimba, na mwishowe ngozi hiyo hung'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Mbinu hiyo ya mvuke iliigwa na waokaji wa Ufaransa, na hadi leo ni nguzo ya uokaji wao.

Miongoni mwa vitu vilivyouzwa katika duka hilo ni kipferl, mkate mdogo uliopindwa mfano wa mwezi mwandamo, uliozoeleka nchini Austria kwa karne nyingi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini Zang hakungoja chema kijiuze. Alilipamba duka lake kwa madirisha ya kuvutia na kulitangaza magazetini, jambo ambalo waokaji wenzake hawakuwa na mazoea nalo. Haikupita miaka mingi kabla ya maduka mengine kuanza kuiga mikate yake. Wafaransa wakakipa kipferl jina la umbo lake, wakakiita croissant, yaani mwezi unaokua. Kufikia miaka ya 1850 na 1860, jina hilo lilikuwa limeanza kuingia katika vitabu na kamusi za Kifaransa.

Hapa ndipo historia ilipoingiliwa na ngano. Masimulizi yanayopendwa sana hudai kwamba mkate huo ulibuniwa Vienna mwaka wa 1683, wakati majeshi ya Milki ya Uthmaniya yalipouzingira mji. Waokaji, waliokuwa macho usiku, inasemekana waliwasikia maadui wakichimba chini ya kuta, wakatoa habari, na baada ya ushindi wakaoka mikate yenye umbo la hilali iliyokuwa kwenye bendera za adui. Wengine husema ulipelekwa Ufaransa na Marie Antoinette, binti wa kifalme wa Austria aliyeolewa huko mwaka wa 1770.

Masimulizi hayo ni matamu lakini hayana mashiko. Kipferl kilikuwepo muda mrefu kabla ya 1683, na hakuna maandishi ya wakati wa Marie Antoinette yanayomhusisha na mkate huo. Mwanajeshi mstaafu mwenye duka na hesabu za faida havutii simulizi kama malkia aliyekatwa kichwa. Ndiyo maana Zang alisahauliwa, na sifa zake wakapewa wafalme na vita.

Kisha ukaja mwaka wa 1848. Mwezi Februari wananchi wa Paris walimwondoa Mfalme Louis-Philippe, na mwezi Machi moto huohuo ukawaka Vienna. Waziri mwenye nguvu, Metternich, alikimbia, na udhibiti wa magazeti ukaondolewa. Zang hakukawia. Aliacha tanuri zake, akarejea nyumbani, na mnamo Julai 3, 1848, akatoa nakala ya kwanza ya gazeti la Die Presse.

Kwake kuhama kutoka mikate hadi magazeti hakukuwa kugumu kama kunavyoonekana. Alipokuwa Paris, alikuwa ameona jinsi Émile de Girardin alivyoanzisha gazeti la La Presse mwaka wa 1836 na kulipunguza bei hadi nusu ya bei ya magazeti mengine. Girardin aliziba pengo la mapato kwa matangazo ya biashara, na kuwavuta wasomaji kwa hadithi za mfululizo. Zang alichukua ujuzi huo wa Paris na kuupeleka Vienna, kama alivyokuwa amechukua ujuzi wa Vienna na kuupeleka Paris. Gazeti lake liliuzwa kwa Kreuzer moja, sarafu ndogo ambayo hata mtu wa kawaida aliweza kuitoa.

Mhariri mkuu wake wa kwanza alikuwa Leopold Landsteiner, ambaye mwanawe, Karl Landsteiner, alikuja kugundua makundi ya damu na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930. Schwarzer naye, yule mshirika wa dukani, aliteuliwa mwaka uo huo wa 1848 kuwa waziri wa kazi za umma. Wakati utawala wa kifalme ulipoyabana magazeti tena, Die Presse ililazimika kuhamia mji wa Brno kwa muda kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Mgala muue na haki yake mpe. Zang alikuwa hodari, lakini hakuwa malaika. Aliliona gazeti kama alivyoliona duka: biashara ambayo kila sehemu yake yapasa kuleta faida. Wapinzani wake walimlaumu kwamba kurasa zake zilikuwa wazi kwa wenye pesa, na alijulikana kwa mkono mgumu katika malipo. Karl Marx, aliyekuwa akiishi London kwa dhiki, aliliandikia gazeti hilo kati ya 1861 na 1862, na makala zake nyingi hazikuchapishwa.

Ubahili na ukali huo ulimgharimu. Mwaka wa 1864, wahariri wake mahiri, Max Friedländer na Michael Etienne, walimwacha na kuanzisha gazeti lao, Neue Freie Presse. Wasomaji wengi waliwafuata, na gazeti hilo jipya likaja kuwa miongoni mwa magazeti makubwa kabisa barani Ulaya. Mwaka wa 1867, Zang aliliuza gazeti lake.

Hakukaa bure. Aliingia katika shughuli za benki, akashiriki siasa za mji wa Vienna, kisha akaelekeza mali yake kwenye migodi ya makaa ya mawe katika jimbo la Steiermark. Karibu na mji wa Voitsberg kuna mahali panapoitwa Zangtal, yaani bonde la Zang, kwa heshima yake. Alifariki Machi 4, 1888, akiwa tajiri mwenye umri wa miaka 80. Kaburi lake katika makaburi makuu ya Vienna limejengwa kwa fahari, na sanamu zinazolipamba ni za wachimba migodi. Mkate uliomfungulia njia haukupewa nafasi hiyo ya heshima.

Lakini mambo ya dunia hayafuati matakwa ya wenye makaburi. Die Presse ya Zang ilikoma mwaka wa 1896, ingawa gazeti la kisasa lenye jina hilo, lililoanzishwa upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hujihesabu kuwa mrithi wake. Nchini Ufaransa, nao mkate wake uliendelea kukua mikononi mwa watu asiowajua.

Kruasanti inayoliwa leo si ile iliyouzwa katika barabara ya Richelieu. Kipferl kilikuwa mkate mzito kiasi, usio na matabaka. Mwanzoni mwa karne ya 20, waokaji wa Ufaransa waliunganisha kinyunga cha hamira na ufundi wao wa kukunja siagi. Kinyunga hutandazwa, siagi baridi hufunikwa ndani yake, kisha hukunjwa mara tatu, kila mkunjo ukiwa wa sehemu tatu. Hivyo siagi hupata matabaka 27. Kati ya mkunjo mmoja na mwingine lazima kinyunga kipumzishwe kwenye baridi, kwa maana siagi ikiyeyuka matabaka hushikana na kazi yote huharibika. Ndani ya tanuri, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuyainua matabaka hayo moja baada ya jingine.

Kinyunga hichohicho kikizungushiwa vijiti viwili vya chokoleti na kukunjwa mstatili ndicho hutoa pain au chocolat. Kusini-magharibi mwa Ufaransa huitwa chocolatine, na ubishi kuhusu jina lipi ni halali ni mkali kiasi kwamba mwaka wa 2018 kundi la wabunge lilipeleka pendekezo la kulitambua jina hilo la kusini katika Bunge la Ufaransa. Pendekezo lilikataliwa. Wapo wanaodai kwamba hata kitafunio hicho kiliuzwa na Zang mwenyewe, lakini dai hilo halina ushahidi wa wakati wake.

Jambo lenye uzito kuliko jina ni mikono. Sheria ya Ufaransa ya mwaka wa 1998 inakataza duka kujiita boulangerie iwapo mkate wake haukukandwa na kuokwa papo hapo. Sheria hiyo inalinda mkate lakini haigusi kruasanti. Kwa hiyo, hata jijini Paris, duka lenye jina halali laweza kuuza kruasanti zilizotengenezwa kiwandani na kuletwa zikiwa zimegandishwa. Mnunuzi mwangalifu hutazama matabaka yanayoonekana wazi na ngozi inayopukutika, na hunusa siagi. Huwa na shaka na kruasanti zinazolingana zote kama matofali. Tena kwa desturi ya huko, iliyonyooka ndiyo ya siagi, na ile iliyopindwa kama mwezi mara nyingi ni ya majarini. Umbo alilolileta Zang limegeuka dalili ya kitu cha bei nafuu.

Basi wanaoulizana iwapo kruasanti ya kweli ni ya Ufaransa au ya Austria huenda wanauliza swali lisilofaa. Mbegu ilitoka Vienna, ikapandwa na ofisa wa mizinga asiyejua kukanda unga, na ikatunzwa na mafundi wa Paris ambao wengi wao hawakuacha hata jina. Uasilia wake uko katika siagi halisi, katika baridi na subira, na katika mtu anayeianza kazi leo ili wengine wafungue kinywa kesho. Zang alitambua mapema kwamba watu watakilipia kitu kilichofanywa vizuri, hata kikitoka ugenini. Kwa hilo, anastahili kutajwa kila asubuhi.