Taqiyuddin, Kadhi Aliyezifungua Saa

Wako miongoni mwetu ambao hadi leo hawajaiacha saa ya mkono ya kutia ufunguo. Simu wanayo, saa ya betri wanayo, lakini kila asubuhi huikaza taratibu ile ya marehemu baba, wakaiweka sikioni kusikiliza mlio wake, na siku ya mapumziko wakaufungua mfuniko wa nyuma ili wayatazame magurudumu yake. Wenye mapenzi hayo wanaye mzee wao katika historia ya Kiislamu: Taqiyuddin Muhammad bin Maaruf.

Alizaliwa Damascus mwaka 1526, kwa kauli iliyo mashuhuri. Akasoma elimu ya dini, hisabati na falaki huko Sham na Misri, kisha akasomesha na kushika ukadhi. Zama hizo saa za mitambo zilitoka Ulaya na kuingia katika dola ya Uthmaniya kama zawadi za wakubwa. Wengi waliridhika kuzimiliki. Yeye alitaka kujua zinakwendaje. Ali Pasha, mmoja wa mawaziri wakuu wa dola, alikuwa na mkusanyo wa saa hizo, akamfungulia mlango wa kuzichunguza. Na karibu na mwaka 1559 Taqiyuddin akatunga kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya saa za mitambo, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake katika ulimwengu wa Kiislamu.

Alizieleza saa za vizito na saa za kamani. Kamani ni utepe wa chuma uliokunjwa: ukikazwa una nguvu nyingi, ukilegea nguvu hupungua, na saa iliyoanza kwa mbio huishia kujikokota. Nguvu hiyo hupita katika magurudumu ya meno hadi kwenye kizuizi, ambacho huyaachia jino moja baada ya jingine, na huo ndio mlio tuusikiao. Kamani, magurudumu, kizuizi: afunguaye saa yake ya mkono leo atavikuta vyote vitatu, ila vimekuwa vidogo mno.

Mwaka 1571 aliteuliwa kuwa mkuu wa wanafalaki wa Sultani, na mwaka 1577, chini ya Sultani Murad wa Tatu, kituo chake cha kuangalia nyota kikawa tayari Istanbul. Humo saa ilikuwa chombo cha kazi. Mbingu huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne, basi anayekosea dakika moja amekosea robo ya digrii. Kwa hiyo alitengeneza saa yenye nyuso tatu, moja ya saa, moja ya dakika na moja ya sekunde, ambayo kila alama yake ilikuwa sekunde tano. Wakati ule saa nyingi zilikuwa na akrabu moja tu.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo ilionekana nyota yenye mkia. Taqiyuddin akaitabiria dola ushindi dhidi ya Waajemi. Hapo, kwa maoni yetu, aliteleza, kwani aliacha hesabu aliyoijua akaingia katika ramli ya nyota. Vita vilikuja, na maradhi ya tauni pia yakaja. Mwaka 1579 waziri mkuu Sokollu Mehmed Pasha, aliyekiunga mkono kituo, akauawa. Sheikhul Islam naye akamshauri Sultani kwamba kuchungulia siri za mbingu huleta nuhusi, na tarehe 22 Januari 1580 kituo kikabomolewa. Wanahistoria wengine huona fitina za ikulu nyuma ya ushauri huo.

Taqiyuddin alifariki mwaka 1585. Jengo lake halipo, lakini katika kitabu cha Kiajemi cha kumsifu Sultani Murad, kilichokamilika mwaka 1581, imo picha ya rangi ya wanafalaki wake wenye vilemba, wameinamia vyombo vyao vya kupimia. Juu ya meza, katikati ya vyombo hivyo, imewekwa saa.