Elijah Masinde: Mwendawazimu au Mkaidi?

Miongoni mwa watu wa bara waliohamishiwa Lamu na serikali ya kikoloni alikuwako mmoja ambaye serikali hiyo hiyo ilikwisha kumwandika kuwa ni mwendawazimu.

Elijah Masinde alizaliwa Kimilili, upande wa Bungoma, mnamo mwaka 1910 hivi. Ujanani alikuwa hodari wa kandanda, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Wamisionari waliomlea walimtenga alipooa mke wa pili, kosa ambalo msomaji wa Mombasa atalistaajabia. Kisha akawa tarishi wa baraza la wenyeji, kazi yake kupeleka samansi.

Mwita watu huyu ndiye aliyekuja kukataa kuitwa. Mwaka 1944, zama za vita, alipinga watu kuandikwa jeshi na kufanyishwa kazi kwa nguvu, akampiga mtu wa serikali aliyetumwa kwake. Alifungwa. Mwaka 1945 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko mpaka 1947. Mkuu wa Mathari siku hizo alikuwa Dk. J. C. Carothers, ambaye mwaka 1954 aliiandikia serikali kitabu cha kueleza Mau Mau kwa tabia na akili za Wakikuyu, zaidi kuliko kwa ardhi yao.

Lakini aliyetoka Bungoma akafika Kitale hakuhitaji daktari. Mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa ya walowezi, na Wabukusu wengi wakiishi humo kama vibarua. Masinde alitaka Wazungu waondoke na watu warejee kwenye mila za wazee wao. Ni kweli alikuwa na hasira za karibu. Hilo hata wenziwe hawakulikana.

Septemba 1947 alikusanya watu Chetambe, walikouawa Wabukusu na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi walifyatua risasi Malakisi, wakafa watu 11. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, naye akapelekwa Lamu. Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa mwendawazimu kalamu imeinuliwa juu yake. Maneno ya Masinde yalikuwa yale yale: mwaka 1945 yaliitwa wazimu, mwaka 1948 yakawa hatia.

Baada ya uhuru dini yake iliruhusiwa mwaka 1964, ikakatazwa tena 1968, naye akarudi gerezani, safari hii kwa amri ya Waafrika wenziwe. Alitolewa mwaka 1978, akafariki 1987.