Marius Berliet, Mtengenezaji wa Malori

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

Mtahiniwa, unaposoma habari za Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, hukutana na wafalme na majemadari. Leo kutana na mtu wa kiwandani.

Marius Berliet alizaliwa mwaka 1866 mjini Lyon, Ufaransa, katika familia ya wafumaji wa vitambaa. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye mitambo. Alipokaribia umri wa miaka 30 aliunda gari lake la kwanza. Mwaka 1905 kampuni ya Marekani iliyounda garimoshi ilinunua haki ya kutengeneza magari yake, naye akaifanya picha ya garimoshi kuwa nembo yake.

Lori lililompa sifa liliitwa CBA. Lilikwenda polepole, na magurudumu yake ya nyuma yalizungushwa kwa minyororo, mfano wa baiskeli. Halikuwa na madoido, lakini lilistahimili taabu. Februari 1916 Wajerumani waliushambulia mji wa Verdun. Reli kubwa hazikupitika. Tegemeo likawa reli moja nyembamba na barabara ya kilomita zipatazo 70 kutoka Bar-le-Duc. Hebu fikiria: shughuli zilipopamba moto, lori lilipita kila baada ya sekunde 14, usiku na mchana, likibeba askari, risasi au chakula. Lililoharibika lilisukumwa mtaroni ili mengine yapite. Mengi yalikuwa ya Berliet. Verdun haikuanguka.

Amani ilipokuja, jeshi liliuza malori yake ya ziada, na wateja wa malori mapya wakapungua. Mwaka 1921 benki zilishika usukani wa kampuni; Berliet aliirejesha mikononi mwake mwaka 1929.

Mwaka 1940 Ujerumani iliiteka Ufaransa. Safari hii kiwanda cha Berliet kiliunda malori kwa ajili ya jeshi la Ujerumani. Nchi ilipokombolewa mwaka 1944 alikamatwa, na mwaka 1946 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 2 na kunyang'anywa mali. Alifariki mwaka 1949, akiwa na miaka 83.

Lori halichagui mzigo. Anayechagua ni mwenye lori. Lakini jiulize pia: angekataa, kiwanda na wafanyakazi wake wangepatwa na nini? Pima pande zote mbili kabla ya kuandika jibu lako.

MASWALI

1. Kwa nini barabara ya Bar-le-Duc ilikuwa muhimu mwaka 1916? (alama 2)
2. Eleza jinsi amani ilivyoiathiri kampuni ya Berliet. (alama 2)
3. Eleza maana ya: (a) zilipopamba moto (b) zilishika usukani. (alama 2)
4. "Mahakama ilimtendea haki Berliet." Jadili kwa kurejelea kifungu. (alama 4)