Karen Blixen

Karen Blixen (17 Aprili 1885 – 7 Septemba 1962) alikuwa mwandishi kutoka nchini Denmark. Anajulikana hasa kwa kitabu Out of Africa (1937) kinachosimulia maisha yake nchini Kenya. Huko Marekani vitabu vyake vilitolewa kwa jina la Isak Dinesen.

Maisha

Alizaliwa Rungsted, kaskazini kwa Kopenhagen. Januari 1914 aliwasili Mombasa na kufunga ndoa na Bror Blixen wa Sweden. Waliendesha shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong. Waliachana mwaka 1925, naye akabaki kulisimamia shamba, ingawa lilikuwa mahali pa juu mno kwa kahawa.

Mbwa wake

Alifuga mbwa wakubwa wa Uskoti, wenye miguu mirefu na manyoya ya kijivu, ambao asili yao ni kuwinda kulungu. Wa kwanza, Dusk, alikuwa zawadi ya arusi. Baadaye alikuwepo Pania, mtoto wa Dusk. Kamante, kijana Mkikuyu ambaye baadaye alikuwa mpishi wake, alianza kazi nyumbani hapo akiwa mtunza mbwa. Blixen alifuga pia pongo jike aliyeitwa Lulu. Mbwa hao wa kuwinda walimwachia hata bakuli la maziwa.

Picha za miaka hiyo zinamwonyesha shambani pamoja na mbwa wake. Mwaka 1975 Peter Beard alichapisha masimulizi ya Kamante pamoja na picha za miaka 1914 hadi 1931.

Kuondoka Kenya

Mwaka 1931 shamba liliuzwa kwa sababu ya hasara. Mwezi Mei mwaka huo rafiki yake Denys Finch Hatton alikufa katika ajali ya ndege huko Voi. Blixen alikusudia kuwapiga risasi farasi na mbwa wake kuliko kuwaacha, lakini marafiki walimwomba wawachukue, naye akakubali. Mbwa wawili wa mwisho, David na Dinah, walichukuliwa kwa gari kwenda kwenye shamba karibu na Gilgil.

Alirudi Rungsted na hakuiona Kenya tena. Alifariki huko na kuzikwa chini ya mti katika bustani ya nyumba yao.

Kumbukumbu

Nyumba yake katika mtaa wa Karen, Nairobi, ni makumbusho ya taifa tangu 1986.