Maisha ya Bibi Kamaladevi Chattopadhyay, Mlezi wa Mafundi

Kila inapowadia Navaratri, vijiti vya dandia hutolewa makabatini na vijana wetu huvigonga hadi usiku wa manane. Vingi kati ya vijiti hivyo ni mti uliokerezwa na kupakwa lakiri ya rangi nyekundu, kijani na manjano. Katika arusi zetu nako, si ajabu kuona maarusi wameketishwa juu ya viti vya Sankheda, vilivyong'aa kwa wekundu na dhahabu. Vyombo hivi tumevizoea mno hata hatuulizi vimefikaje kwetu. Kwa hiyo, katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, tumeona vyema kuwasimulia wanachama na majirani maisha ya mama mmoja aliyejitolea nusu ya umri wake ili mafundi wa kazi za namna hii wasipotee.

Bibi Kamaladevi alizaliwa Mangalore, kusini mwa India, tarehe 3 Aprili 1903. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali, na mama yake, Girijabai, alikuwa mwanamke mwenye kupenda elimu. Kamaladevi alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, baba alifariki bila kuacha wosia. Kwa sheria ya wakati ule mali ilikwenda kwa mwana wa kambo, na mama na binti wakabaki bila haki ya chochote. Tunaamini kwamba jambo hilo halikumtoka moyoni. Maisha yake yote aliwatazama watu wanaotenda kazi nyingi wakapata kidogo, akauliza kwa nini iwe hivyo.

Aliozwa mwaka 1917, akiwa bado msichana, na mwaka 1919 akawa mjane. Desturi ya siku zile ilimtaka mjane wa ukoo wake ajitenge na furaha za dunia. Yeye alirudi shuleni, kisha akaolewa tena na Harindranath Chattopadhyay, mshairi na mwigizaji, ndugu yake Sarojini Naidu. Wengi walilaumu, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1926 aligombea kiti katika baraza la kutunga sheria la Madras, akashindwa kwa kura chache. Mwaka 1930 Mahatma Gandhi alipoanzisha mgomo wa chumvi, Kamaladevi alimsihi awaruhusu wanawake washiriki. Wakaruhusiwa, na yeye mwenyewe akauza vipakiti vya chumvi mjini Bombay mpaka akakamatwa na kufungwa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1947, wenzake wengi walielekea kwenye vyeo. Yeye alielekea kwa wakimbizi. Mwaka 1948 aliunda chama cha ushirika, na kwa njia yake alisaidia kuwapatia makazi na kazi wakimbizi waliotoka mpaka wa Kaskazini-Magharibi, huko Faridabad karibu na Delhi. Hapo aliona kwa macho yake kwamba mtu aliyepoteza nyumba na shamba, ikiwa mikono yake ina ufundi, bado ana mtaji.

Mwaka 1952 serikali ilianzisha Bodi ya Kazi za Mikono ya India Nzima, naye akawa mwenyekiti wake. Mwaka huohuo chama chake cha ushirika kilikabidhiwa duka kubwa la kazi za mikono mjini Delhi. Wakati ule wataalamu wengi wa uchumi waliamini kwamba viwanda ndivyo vitakavyoiokoa India, na kwamba fundi wa kijijini ni masalio ya zamani. Kamaladevi aliishika njia nyingine. Alisafiri vijijini, akiwatafuta mafundi mmoja mmoja, akitazama kazi zao na kuuliza nani anazinunua na kwa bei gani.

Ili majirani zetu waelewe alichokuwa akikilinda, yafaa tueleze kazi yenyewe. Lakiri ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaokaa juu ya matawi ya miti kama mkunazi. Katika mji wa Channapatna, kati ya Bangalore na Mysore, fundi hukereza mti mweupe, laini, uliokwisha kukaushwa. Mti ukiwa bado unazunguka kwenye kerezo, huugandamizia kipande cha lakiri iliyochanganywa na rangi. Joto la msuguano huiyeyusha lakiri ikauenea mti. Kisha huling'arisha pambo lake kwa jani la mkadi, mmea uleule ambao wenzetu wa pwani huutumia maua yake kwa manukato. Huko Sankheda, katika Gujarat, mafundi hukereza msaji na kuupamba kwa rangi yenye bati, ambayo chini ya lakiri humeta kama dhahabu. Na hung'arisha kwa jiwe la akiki.

Kazi hiyo yahitaji subira, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mnunuzi wa ng'ambo hutaka vitu mia vyenye kipimo kimoja, tena vifike kwa siku iliyoagwa. Dalali akimharakisha fundi, mti hukerezwa kabla haujakauka. Ukifika katika nchi ya baridi kavu hupasuka, na lakiri hubanduka. Mnunuzi harudi tena, na hasara humwangukia fundi, si dalali. Bodi ya Bibi Kamaladevi ilijaribu kuikata njia hiyo: ilianzisha vituo vya usanifu na mafunzo, ikapeleka maonyesho nje ya nchi, ikahimiza ushirika wa mafundi na ununuzi wa moja kwa moja. Kuuza ng'ambo hakukupinga, bali alikuhimiza. Alilokataa ni biashara inayokula ufundi ili kujaza makasha.

Aliona pia kwamba fundi hahitaji fedha tu, bali heshima. Kuanzia mwaka 1965 serikali ya India ikawa inatoa tuzo za taifa kwa mafundi stadi, na watu ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa popote wakasimama mbele ya wakuu wa nchi. Mwaka 1964, pamoja na Aileen Osborn Webb wa Marekani, alishiriki kuanzisha Baraza la Ufundi la Dunia huko New York. Mwaka 1966 alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, na mwaka 1987 nishani ya Padma Vibhushan. Alifariki Bombay tarehe 29 Oktoba 1988, akiwa na umri wa miaka 85.

Leo majina ya Channapatna na Sankheda yamelindwa kisheria nchini India kama alama za mahali bidhaa zinakotoka. Hata hivyo sheria haiwezi kumlisha fundi asiye na mnunuzi. Vitu vya plastiki na rangi za kiwandani ni rahisi, navyo hufika upesi hadi madukani kwetu. Watoto wa mafundi huona hesabu hiyo, nao huamua kama watashika kerezo la baba zao au la.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wetu, hasa wale walio na jamaa Gujarat na Karnataka na wale wanaoagiza bidhaa: mnapoleta vijiti, bembea ya Bwana Krishna au viti vya arusi, ulizeni vimekerezwa wapi na fundi amelipwa nini. Msimharakishe. Na vitakapofika, waiteni majirani waje wavione, kwa kuwa mkadi na mkunazi ni miti yao pia.