Kitereza na Kitabu Kilichongoja Miaka 35

Ndugu zetu wa Ukerewe hawana haja ya kuelezwa Aniceti Kitereza alikuwa nani. Lakini huku kwetu Nyahanga, wilayani Kahama, wapo vijana wanaolijua jina la kila mgodi wa ukanda huu na hawalijui jina la mwandishi huyu mkubwa wa Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo tumeona ni wajibu kuyakumbuka maisha yake.

Kitereza alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alilelewa na kusomeshwa katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, ambako alijifunza lugha za kigeni, Kilatini na Kijerumani zikiwamo. Baadaye aliiacha njia ya upadri, akamwoa Bibi Anna Katura. Watoto waliojaliwa kuwapata wote walifariki wangali wadogo. Wazee hao wawili waliishi pamoja mpaka uzeeni bila mtoto wa kuwatunza.

Alifanya kazi ya biashara kwa muda, kisha akarudi kuitumikia misheni. Kalamu yake ikawa mali ya watu wengine: alitafsiri maandiko ya dini kwa Kikerewe, na alikusanya hadithi, methali na desturi za Wakerewe. Hizo ni kazi zenye mwenye kuzidai. Kitabu cha mtu mwenyewe hakidaiwi na yeyote, na kwa sababu hiyo huahirishwa leo, kesho na mwakani.

Sisi tunaoandika safu hii tunalijua jambo hilo. Safu ina siku yake na mhariri wake. Hadithi iliyomo katika daftari letu haina hata mmoja wa kuigombea. Kila tunapomaliza maoni ya leo, maoni ya kesho yamekwisha bisha hodi.

Kitereza hakuiacha kazi ya kila siku ili aandike riwaya. Yale aliyoyakusanya juu ya ndoa, uganga, kilimo, uvuvi na adabu za Wakerewe wa zamani aliyafanya kuwa nyama na damu ya kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliosumbuliwa na ukosefu wa mtoto, na wasikubali kutengana. Padri Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo. Mwaka 1945 kitabu kikakamilika, kwa Kikerewe.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Lugha ya watu wachache haikupata mchapaji. Miaka ikapita, uhuru ukaja, Kiswahili kikawa lugha ya taifa, na mswada ukabaki mswada. Mzee hakukaa kulalamika. Alikaa chini akakitafsiri kitabu chake chote kwa Kiswahili, kwa mkono wake mwenyewe, ingawa umri ulikuwa umekwenda. Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikakitoa. Mwaka 1981 Kitereza akafariki dunia, kabla nakala za kitabu hazijamfikia mkononi.

Leo kitabu hicho kinasomwa pia kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza ilifanywa na Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe, na kutoka mwaka 2002. Sifa hizo ni njema, lakini aliyestahili kuzisikia hayupo.

Kwa wenzetu wenye kalamu, awe karani, mwalimu au mchimbaji anayeandika jioni baada ya kutoka shimoni, tunasema: msiidharau kazi ya kila siku, maana ndimo ilimo akiba ya hadithi zenu, lakini itengeeni hadithi saa yake, na saa hiyo iheshimiwe kama saa ya kazi.

Kwa viongozi na maofisa wa serikali tuna ombi moja. Mswada ukiletwa ofisini, usomwe na mwenyewe ajibiwe, ndiyo au hapana, angali hai. Kitereza alingoja miaka 35. Asiwepo mwingine, visiwani wala bara, wa kungojeshwa kiasi hicho.